Kitanda Hakizai Haramu: Tafakari juu ya Nasaba ya Nahodha Richard More

Wahenga walisema: kitanda hakizai haramu. Sisi walimu wa lugha huifundisha methali hii kwa haraka. Huiandika ubaoni pamoja na nyingine tisa, tukaeleza kwamba mtoto azaliwaye ndani ya ndoa ni mtoto wa wenye ndoa, kisha tukaendelea na ile inayofuata. Ni nadra kuwauliza wanafunzi, au kujiuliza wenyewe, methali hiyo inamlinda nani, na mtoto anapata hasara gani watu wakikataa kuifuata.

Katika makala haya tumekusudia kuipima methali hiyo kwa kisa cha mbali na kwetu, kisa cha mlowezi mmoja wa Kiingereza aliyefika Amerika mwaka 1620, ambaye nasaba yake imetafutwa kwa bidii na watu wengi. Tumechagua kisa cha mbali kwa makusudi, kwani macho hayajioni yenyewe, na mambo ya ukoo yanapokuwa ya jirani yetu hasira huingia kabla ya fikira. Maswali tunayoyaweka mbele ya msomaji ni mawili. La kwanza: nasaba ya mtu ni nini hasa? Je, ni damu iliyomzaa, ni mkono uliomlea, au ni karatasi iliyomwandika? La pili: je, walio hai wana haki ya kufukua siri za wafu?

Yafaa kwanza tueleze desturi yenyewe. Kule Marekani kutafuta nasaba ni kazi kubwa yenye vyama, maktaba na majarida yake. Chama cha kwanza cha namna hiyo kiliundwa Boston mwaka 1845, na mwaka 1897 kikaundwa chama cha wale wanaoweza kuthibitisha kwamba wametokana na abiria wa meli iitwayo Mayflower. Mtafutaji huanza na yeye mwenyewe, akapanda kizazi hadi kizazi kwa vyeti, wasia, hati za ardhi na maandishi ya makaburini, mpaka afikie bahari. Hapo huvuka kwenda Uingereza, ambako tangu mwaka 1538 makanisa ya parokia yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Akibahatika, atalikuta jina alitafutalo katika daftari la kijiji fulani. Asipobahatika, nasaba hukatika ufukweni.

Meli ya Mayflower ilichukua abiria 102. Miongoni mwao walikuwamo watoto wanne wa ukoo wa More waliosafiri bila baba wala mama: Elinor mwenye miaka minane, Jasper mwenye miaka saba, Richard mwenye miaka mitano, na Mary mwenye miaka minne. Waligawanywa kwa mabwana watatu. Elinor alipewa Edward Winslow, Jasper akapewa John Carver, na Richard na Mary wakapewa William Brewster. Jasper alifariki mwezi Desemba 1620, meli ikiwa ingali imetia nanga. Elinor na Mary nao hawakuumaliza mwaka wa kwanza, kwani majira yale ya baridi yaliwaua karibu nusu ya abiria wote. Akabaki Richard peke yake. William Bradford, gavana wa koloni lile, alipoandika orodha ya abiria yapata miaka thelathini baadaye, alimtaja Richard kwa jina, lakini Mary hakumtaja. Aliandika tu kwamba pamoja na Richard alikuwapo ndugu yake mwingine wa kiume. Mtoto wa kike alikufa akiwa na miaka minne, na hata kumbukumbu ikamkosea.

Ni watoto wa nani hawa, na ni mzazi gani awezaye kuwatoa watoto wanne wadogo kwa safari ya namna ile? Jibu kamili lilipatikana mwaka 1959, baada ya zaidi ya miaka 300, ulipogunduliwa darini mwa nyumba ya ukoo wa More, huko Linley katika jimbo la Shropshire, waraka ulioandikwa na mtu aliyeitwa Samuel More.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1611 Samuel, kijana wa miaka 17, aliozwa jamaa yake Katherine More wa Larden aliyekuwa na miaka 25. Ndoa hiyo ilikuwa ya kuunganisha mashamba ya pande mbili za ukoo mmoja. Katherine alizaa watoto wanne, nao wakabatizwa katika kanisa la Shipton kati ya mwaka 1612 na 1616. Samuel alikuwa akifanya kazi London, akiwa katibu wa Lord Zouche, mmoja wa wajumbe wa Baraza la Mfalme. Mwaka 1616 akadai kwamba watoto hao si wake bali ni wa Jacob Blakeway, jirani wa Larden, na miongoni mwa hoja zake alisema kwamba wanafanana na Blakeway kwa sura. Katherine naye alidai kwamba kabla ya kuozwa Samuel alikwisha kufunga ahadi ya ndoa na Blakeway, na kwa sheria ya siku zile ahadi hiyo ingetosha kuibatilisha ndoa ya pili. Lakini mashahidi hakuwa nao wa kutosha. Watoto wakanyang'anywa mama yao wakawekwa kwa wapangaji wa mashamba ya baba yake Samuel. Hati za urithi wa ardhi zikabadilishwa ili wasirithi kitu. Katherine alishitaki mara nyingi akashindwa, na rufani yake ya mwisho ilikataliwa Julai 1620. Mara watoto wakapelekwa London katika nyumba ya Thomas Weston, mfanyabiashara wa vyuma aliyekuwa mmoja wa wenye mradi wa koloni, na baada ya muda mfupi wakapandishwa melini. Mwaka 1622 mama yao aliandika malalamiko kwa Jaji Mkuu akiuliza watoto wake wamefanywa nini. Waraka ule wa darini ni majibu ya Samuel kwa swali hilo.

Hebu tuitazame hoja ya kwanza. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilisema jambo lile lile lisemwalo na methali yetu: mtoto wa mke aliyeolewa huhesabiwa kuwa wa mume. Sheria hiyo ilikusudiwa kumkinga mtoto, maana asiulizwe swali asiloweza kulijibu. Lakini tazama jinsi Samuel alivyoitumia. Kwa kuwa sheria ilimhesabu kuwa baba, alikuwa na mamlaka yote juu ya watoto, na mama hakuwa na haki hata moja ya kuwazuia wasiondoke. Akayatumia mamlaka ya ubaba kuukana ubaba. Kama wangekuwa si wake kabisa mbele ya sheria, asingekuwa na uwezo wa kuwatoa. Na kama angewakubali kuwa wake, asingekuwa na sababu. Watoto walikwama kati ya kauli hizo mbili, wakapata adhabu ya zote.

Hapa twaona kwamba methali peke yake haitoshi. Kitanda kisipozaa haramu midomoni mwa watu, lakini mwenye kitanda akawa na chuki moyoni, mtoto hana kinga. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Maana ya methali hii basi si habari ya damu, kwani wahenga walijua sawasawa na sisi kwamba yawezekana mtoto asiwe wa mume. Siri ya mtungi aijuaye kata. Maana yake ni agizo: watu wazima na wabebe wenyewe mzigo wa mambo waliyoyatenda, wasimtwike mtoto. Twaamini kwamba hivyo ndivyo yatupasa kuifundisha.

Hoja ya pili yahusu karatasi. Wapo wasemao kwamba hati haisemi uongo, na kwamba waraka wa mwaka 1959 ulimaliza ubishi. Sisi twasema tuende polepole. Waraka ule ni maneno ya upande mmoja. Umeandikwa na mtu aliyeshinda kesi, aliyejua sheria, na aliyekuwa akijitetea mbele ya Jaji Mkuu. Ndani yake twasoma kwamba Katherine alikwenda kwenye nyumba walimokuwamo watoto akatoa viapo vikali na kuwararulia nguo mwilini. Samuel aliandika hayo ili aonekane kuwa mama huyo hafai. Nasi tukiyasoma leo twaweza kumwona mama aliyewakumbatia wanawe huku watu wakimvuta upande mwingine, nguo zikapasuka. Lipi kati ya hayo ni kweli? Karatasi haiwezi kutuambia. Mwenye kalamu ndiye aliyebaki kusema, na mtafutaji wa nasaba asipokumbuka jambo hilo, atakuwa karani wa mshindi bila kujua.

Lakini tusiidharau karatasi pia. Bila waraka huo, watu wangeendelea kudhani lolote. Na bila daftari la Shipton, Mary asingekuwa na jina. Orodha ya gavana ilimfuta, na daftari la ubatizo la kijiji likamrudisha. Hiyo ni hoja nzito ya upande wa wale wanaofukua kumbukumbu. Kutafuta nasaba huweza kuwa tendo la haki kwa wafu walionyamazishwa, mradi mtafutaji aende kuwatafuta wao, asiende kujitafutia sifa yake mwenyewe.

Sasa tumtazame Richard mwenyewe. Alikua, akaoa mwaka 1636, akawa baharia na nahodha, akahamia Salem. Rejista ya kanisa la Stepney, London, ina ndoa ya mwaka 1645 ambayo watafiti wameihesabu kuwa yake, ingawa mkewe wa Amerika alikuwa yu hai. Mwaka 1688 kanisa la Salem lilimtenga kwa kosa la kuzini na mke wa mtu, kisha miaka mitatu baadaye likampokea tena. Hapa msomaji mwepesi atasema: mtoto wa nyoka ni nyoka, damu ya Katherine imejitokeza! Twaomba afikiri tena. Elimu ya damu haijui dhambi iitwayo uzinzi. Mtu aliyetolewa nyumbani akiwa na miaka mitano, akawazika ndugu zake watatu kabla hajatimiza saba, akalelewa kama mtumishi katika nyumba ya mwingine, ana sababu nyingi za kutojua ndoa ni nini pasipo kumsingizia mama aliyemkosa. Na hata hizo sababu hazimwondolei wajibu wake mwenyewe. Aliyetenda ni Richard, wala si nasaba yake.

Lipo neno moja lake lililohifadhiwa ambalo limetugusa kuliko yote. Mwaka 1684, akiwa na miaka sabini hivi, alitoa ushahidi mahakamani juu ya habari za zamani. Alisema kwamba mwaka 1620 alikuwa London katika nyumba ya Bwana Thomas Weston, na kutoka hapo alisafirishwa hadi New Plymouth. Nasaba yote aliyoitaja ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa vyuma. Katika ushahidi huo hakumtaja Samuel, wala Katherine, wala Shipton. Wazao wake wa leo wanaijua asili yake kuliko maneno yake yanavyoionyesha. Je, wamemwibia kitu? Au wamemrudishia alichoibiwa?

Twajibu kwamba inategemea wanakifanyia nini. Watafutaji wamekwisha kuonyesha kwamba kupitia kwa Katherine nasaba ya Richard inapanda hadi kwa wafalme wa kale wa Scotland na Uingereza. Kuna wanaoitaja habari hiyo kwa fahari kubwa. Lakini tufanye hesabu ndogo ya darasani. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na hivyo huzidi maradufu kila kizazi. Mtu aliye katika kizazi cha kumi na mbili baada ya Richard ana nafasi 4,096 za wahenga katika kizazi hicho, na Richard amejaza moja tu. Waliosalia 4,095 ni nani? Ni wakulima, wafinyanzi, watumishi, wengine wezi, wengine watu wema wasiojulikana. Achaguaye mmoja mwenye taji akawaacha wengine hatafuti nasaba, anatafuta vazi la kuvaa. Tena inachekesha kuona kwamba taji hilo limeshuka kupitia kwa mwanamke yule yule ambaye watoto wake walitupwa ng'ambo ya bahari kwa ajili ya aibu yake.

Penye tamaa ya sifa hapakosi mwuzaji. Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyeishi New York na kufariki mwaka 1942, alijipatia fedha nyingi kwa kuwatungia matajiri wa Marekani nasaba. Alichanganya kumbukumbu za kweli na wasia wa kubuni, akawaunganisha wateja wake na majumba ya kifahari ya Ulaya. Makosa yake yangali yakinakiliwa katika vitabu vya koo mbalimbali. Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga. Lakini uongo unaomsifu mwenye kuununua huenda mbali sana.

Na wako wasio na karatasi. Koloni la Plymouth lilijengwa mahali palipoitwa Patuxet, kijiji cha Wawampanoag. Mwaka 1614, mwaka aliobatizwa Richard, mtu wa kijiji hicho aitwaye Tisquantum alitekwa na nahodha Mwingereza na kupelekwa Hispania. Mwaka 1616, mwaka waliponyang'anywa watoto wa Katherine, maradhi yalianza kuenea katika pwani ile. Tisquantum aliporudi mwaka 1619 aliwakuta watu wa kijiji chake wamekwisha. Yeye na Richard, mmoja mtu mzima na mwingine mtoto, waliishi pamoja katika udongo mmoja, wote wakiwa wamepoteza watu wao. Mmoja amefuatwa na watafutaji wa nasaba hadi kwa wafalme. Watu wa Patuxet hawana daftari la kuwatafuta. Anayehesabu wahenga wake tangu Plymouth yampasa aukumbuke uwanja ambao wahenga hao waliukuta mtupu, na kwa nini ulikuwa mtupu.

Atatokea mwenzetu aseme: basi yaacheni yote haya, wafu wazikwe na siri zao. Hatukubali. Mwacha asili ni mtumwa, na mtu asiyejua atokako huweza kudanganywa na yeyote. Siku hizi, pamoja na karatasi, kuna vipimo vya vinasaba. Msomaji atazame jinsi lugha yetu ilivyolizaa neno hilo kutokana na nasaba. Vipimo hivyo huweza kufichua kwa wiki chache mambo yaliyofichwa karne nzima. Hakuna awezaye kuuzuia mlango huo usifunguliwe. Linalobaki ni adabu ya kuingia. Sisi twapendekeza adabu tatu. Ya kwanza, ukweli usitafutwe ili kumnyima mtu haki yake, kama alivyofanya Samuel alipoitazama sura ya mtoto ili apate hoja ya kumfukuza. Ya pili, aliyenyamazishwa asikilizwe kabla ya aliyeandika. Ya tatu, asijisifu mtu kwa wema asioutenda, wala asitahayari kwa kosa asilolitenda.

Jambo hili si la Waingereza na Wamarekani peke yao. Kila mwanzo wa mwaka sisi walimu huandikisha wanafunzi, nasi huuliza mbele ya darasa zima: jina la baba? Katika nchi zetu zilizopitiwa na vita na ukimbizi, wapo watoto wengi ambao swali hilo kwao ni kidonda. Wengine hutaja jina la mjomba, wengine la bibi aliyewalea, wengine hunyamaza. Mwalimu anayekunja uso na kusema "nataka baba yako halisi" amekalia kiti cha Samuel More pasipo kujua. Nafasi katika daftari ijazwe jina la yule anayemwamsha mtoto asubuhi na kumleta shuleni. Na zoezi lile la kuchora mti wa ukoo litolewe kwa namna ambayo mtoto aliyelelewa na mwenye moyo wa hisani ataweza kuuchora mti wake bila haya, kwani kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Kwa hiyo swali letu la kwanza twalijibu hivi: nasaba ni damu, na ni malezi, na ni maandishi; lakini palipo na ugomvi kati ya hayo matatu, mwenye kuamua asiwe mwenye nguvu, bali haja ya mtoto. Damu na maandishi huweza kungoja miaka 300 yafukuliwe. Mtoto wa miaka minne hawezi kungoja majira moja ya baridi.

Leo kanisani Shipton pana kibao cha kuwakumbuka watoto wale wanne, na kule Salem jiwe la kaburi la nahodha lingalipo. Ni vema kwamba vipo. Hata hivyo tukiifundisha tena methali ya kitanda, tusiishie kusema maana yake na matumizi yake. Tuwaulize wanafunzi: ni nani aliyekipa kitanda ruhusa ya kuzaa haramu, naye alipata faida gani? Wakianza kubishana, tusiwanyamazishe.